Mashine ya Mjomba na Mistari ya Njano

Voi, Ijumaa alasiri

Mama mpendwa,

Kabla sijakusalimu, acha nitoe jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata dada Wakesho. Mama, mimi sioni rangi kama watu wengine. Nyanya mbivu na nyanya mbichi kwangu ni kitu kimoja. Udongo wa hapa Voi, ambao kila mgeni husema ni mwekundu, naona unafanana na nyasi zilizoota juu yake. Nimeificha siri hii miaka yote, na ningeendelea kuificha, lakini sasa imefika mpaka kwako na kwa shamba letu la mfereji, kwa hivyo siwezi tena.

Sasa nakusalimu. Hujambo, Mama? Mgongo unaendeleaje? Je, maji yanafika siku ya zamu yetu, au wale wa juu bado wanayafunga? Na yule mbuzi wa pembe moja, ameshazaa? Sisi huku tuko wazima. Joto limezidi, mabati ya duka yanalia mchana kutwa kama mtu anatembea juu yake. Juzi ndovu walitoka upande wa Ndara wakang'oa tangi la maji karibu na shule yetu, tukaambiwa tusitoke nyumbani kabla jua halijachomoza. Masomo yanaendelea. Katika Kiswahili nimekuwa wa pili kidato chote cha tatu. Hesabu tutazungumza siku nyingine.

Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu ninayotumia ni ya Mjomba Mwadime, na Mjomba huiweka kwa sauti kubwa ili Anti Mkawasi naye akusalimu. Siwezi kuyasema haya mbele yao. Hata kama ningekuwa peke yangu, unanijua, Mama, maneno yangu hukwama kooni. Kalamu ndiyo siionei haya. Barua hii ataileta Mama Sofia, yule anayeuza ndizi za Taveta hapa sokoni. Anarudi kesho saa nane mchana. Tafadhali isome yote kabla ya Jumatatu, kabla hujaenda kwa chifu kutia sahihi.

Unakumbuka nilipokuwa darasa la pili, ulinipa kreti nikusaidie kuchuma nyanya? Nilichuma kwa bidii kuliko siku zote. Mnunuzi alipokuja akafunua, akakuta nusu yake ni mbichi kabisa. Alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Huyu mpe kitabu, Mama Mwakio. Huyu ni wa kuandika, si wa kuchuma." Wewe pia ulicheka, lakini niliona ulivyohesabu hasara kwa macho. Kuanzia siku hiyo mlinipa kitabu nikakaa kando, na watu wakasema mimi ni mtoto wa vitabu. Ukweli ni kwamba nilivipenda kwa sababu herufi ni nyeusi na karatasi ni nyeupe. Hapo hakuna kitu kilichoweza kunidanganya.

Sasa nikueleze habari ya mashine.

Kama unavyojua, Mjomba huchapa kadi za harusi, vitabu vya risiti na picha za pasipoti. Mtu akitaka bango kubwa, Mjomba hulituma Mombasa, na hapo faida yote hubaki Mombasa. Siku hizi wanasiasa wameanza kuulizia mabango, makanisa yanataka mabango ya mikutano, na hata mazishi siku hizi yana bango lenye picha ya marehemu. Kwa hivyo Mjomba aliposikia kwamba Baba Ivy, mwenye duka kule karibu na barabara kuu, anahama na anauza printa yake ya mabango, hakulala. Ndipo alipokupigia kuhusu shamba la mfereji. Alikwambia likodishwe kwa yule mnunuzi wa nyanya kwa miaka mitatu, pesa ziongezewe kwenye mashine, halafu mashine itulishe sote.

Jambo ambalo hakukwambia ni kwamba yote aliyategemeza kwenye macho yangu.

Tangu nije kukaa hapa, Mjomba amekuwa na tabia moja ambayo niliiona ni heshima tu. Kila kazi ikitoka, huniita. "Mwakio, tazama hii. Rangi zimekaa sawa?" Mimi hutazama, nikanyamaza kidogo kama mtu anayepima, nikasema, "Ziko sawa, Mjomba." Sijui kama zilikuwa sawa. Mteja akilalamika, Mjomba hubadilisha bila ubishi. Akiridhika, Mjomba hunipiga bega na kuwaambia watu, "Kijana huyu ana macho ya mwewe." Mara ya kwanza ningeweza kusema ukweli. Mara ya kumi nilikuwa nimeshachelewa. Sasa nimefika mahali ambapo amepanga kwamba mashine ikija, mimi ndiye nitakayekuwa fundi wa rangi, jioni baada ya shule, na nikimaliza kidato cha nne niendelee hapo hapo. Amenitengenezea hata kiti. Kila nikikiona kile kiti, Mama, naona ni kama kizimba cha mshtakiwa.

Basi wiki iliyopita, siku ya Alhamisi, tulikwenda kuikagua. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu wa mtihani. Nilisoma kwenye kompyuta ya shule yote niliyoweza kupata kuhusu printa kuukuu, nikaandika katika daftari. Kitu cha thamani zaidi katika mashine ile ni kichwa chake, yaani kile kipande kinachokwenda huku na huku kikitema wino. Kina matundu madogo kuliko ncha ya sindano, mamia kwa mamia. Kikifa, umenunua meza. Ndiyo maana mnunuzi mwenye akili hufika bila kutarajiwa, mashine ikiwa baridi, akaomba kwanza karatasi ya mistari. Mashine huchora ngazi ndogo za mistari, ngazi moja kwa kila rangi, na kila mstari unatoka katika tundu lake. Mstari ukikosekana, tundu lile limeziba au limekufa.

Sisi hatukufika bila kutarajiwa. Mjomba alipiga simu mara mbili kusema tuko njiani.

Mashine ni kubwa, Mama. Ukiilaza pale kwetu, itatoka mlangoni mpaka jikoni. Niliweka kiganja changu ubavuni mwake, ilikuwa na joto. Palinukia dawa ya kusafishia. Nilijua imeshughulikiwa asubuhi yote, kama mgonjwa aliyeogeshwa kabla daktari hajafika. Nilitaka kumwambia Mjomba, lakini Baba Ivy alikuwa ameshaanza.

"Karibu, karibu! Mwadime, umekuja na nani leo? Mkaguzi?"

"Huyu ni mpwa wangu. Usimwone mpole. Huyu ni kompyuta."

"Aha! Basi leo nimekwisha," Baba Ivy akasema akicheka. "Profesa, kagua. Mimi sifichi kitu."

Nilijikaza nikaomba nione kile kibao kinachoonyesha mashine imeshachapa kiasi gani. Alinionyesha. Kiasi kilikuwa kikubwa kuliko alichomwambia Mjomba kwenye simu, na nikasema hivyo, kwa sauti ndogo.

"Profesa," akasema, "wewe ukinunua ng'ombe unauliza ametembea kilomita ngapi ama unaangalia maziwa?"

Watu wote walicheka, na wawili wao walikuwa wateja tu waliokuja kufanyiwa stika. Mjomba naye alicheka. Masikio yangu yaliwaka moto. Tangu hapo sikuuliza kitu kingine, na daftari nililirudisha mfukoni.

Akatuchapia picha kubwa. Usicheke, Mama, ilikuwa ni picha ya kikapu cha nyanya na pilipili hoho. Wote walisogea. "Angalia hizo nyanya, utasema zinadondoka maji," mmoja akasema. Mjomba akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeshiba. Mimi niliona mawe ndani ya kikapu.

Mwishowe Baba Ivy akachapa ile karatasi ya mistari. Alimpa Mjomba, Mjomba akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, kisha akanipa. "Macho yangu ya uzee haya. Soma wewe."

Baba Ivy akasimama nyuma yangu akionyesha kwa kidole. "Hii ngazi nyeusi, hii bluu, hii pinki, hii ya mwisho njano." Nilichukua penseli nikaandika majina chini ya kila ngazi, ili nionekane nafanya kazi. Ngazi tatu za kwanza zilikuwa kamili, mistari yote ilikuwepo. Ya mwisho ilikuwa hafifu sana, na humo niliona mahali palipo wazi. Mahali pengi. Hapa ndipo nilipokosea, Mama, na nataka uelewe kosa langu lilikuwa lipi. Mtu mwingine akiona pengo angesema, "Hapa kuna pengo." Mimi niliona pengo nikasema moyoni, ni macho yako. Watu wote hapa wanaiona mistari hiyo isipokuwa wewe. Ukiuliza, watajua.

"Rangi zote zipo?" Mjomba akauliza.

"Zote zipo," nikasema.

Wakapeana mikono. Baba Ivy akatununulia soda. Jumapili kanisani Mjomba alisimama wakati wa shukrani akatangaza kwamba Mungu amefungua mlango, na watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimeketi mstari wa tatu, na nilipiga makofi pia.

Ile karatasi ya mistari ilibaki ndani ya daftari langu. Sasa nikueleze nilichokifanya Jumatano. Nina karatasi tatu za peremende, zile zinazopitisha mwanga, ambazo naziweka katika kikebe cha vifaa vya hesabu. Moja nyekundu, moja kijani, moja bluu. Majina yake aliniambia Wakesho likizo iliyopita, bila kujua kwa nini namuuliza, nami nikaandika herufi pembeni mwa kila moja. Nilisoma katika kitabu kimoja cha maktaba, kinachoeleza habari za mwanga, kwamba ukitazama kupitia karatasi nyekundu, kitu chekundu hung'aa na cha kijani huwa giza. Nilijaribu kwa nyanya sokoni, nikaona ni kweli. Mama, nilisimama pale sokoni nikataka kulia. Laiti ningekuwa nayo siku ile ya kreti!

Kitabu hicho hicho kinasema rangi ya njano ikitazamwa kupitia karatasi ya bluu huwa nyeusi. Jumatano, mapumziko ya chakula, nilikaa kona ya maktaba nikaweka ile ya bluu juu ya ngazi ya njano. Mistari ikajitokeza kama nywele. Na mapengo nayo yakajitokeza. Nilihesabu mara tatu. Zaidi ya robo ya mistari haikuwepo. Kisha nikatazama tena ngazi nyingine kwa kila karatasi, zilikuwa kamili. Kwa hivyo si macho yangu. Siku ile macho yangu yalisema kweli, mimi nikayakana.

Tangu hapo sina amani. Sijui kama matundu hayo yameziba tu, ambapo yanaweza kusafishwa, au yamekufa. Ili kujua, inabidi mashine isafishwe, ichape mistari, kisha ichape kazi ndefu kama nusu saa, halafu mistari tena. Ikipotea tena, basi ina ugonjwa wa ndani. Lakini nani ataomba hayo? Nikimwambia Mjomba aombe, atauliza kwa nini sikusema siku ile. Nikijibu, itabidi nimwambie kwamba sikuwahi kuziona rangi za kazi zake hata siku moja, kwamba makofi yote aliyonipiga begani yalikuwa ya bure. Analipa karo yangu. Nalala katika chumba chake cha nyuma, kati ya mabunda ya karatasi. Anti hunipakulia chakula kabla ya watoto wake. Nisiposema, shamba la mfereji litaenda miaka mitatu kwa ajili ya meza, na wewe utalima kule juu kwenye mawe na mgongo huo. Nikisema, sijui nitalala wapi. Nimegeuka kila upande, kila upande naona ukuta.

Nimeandika mpaka hapa, na sasa naomba moja tu. Jumatatu usitie sahihi. Mwambie chifu unaumwa, mwambie lolote, hata useme mtoto amekuandikia barua ya kipumbavu. Mjomba akikasirika, mwambie ni mimi.

Na nisamehe kwa zile nyanya.

Nisalimie Bibi, mwambie ile shuka aliyonipa bado naitumia ingawa huku hakuna baridi ya kuistahili. Nisalimie Wakesho dada yangu, mwambie nitamweleza kuhusu karatasi za peremende. Msalimie jirani yetu Baba Mkamburi anayetufungulia maji siku zako za mgongo. Wewe mwenyewe nakushika mikono yote miwili.

Mwanao,
Mwakio


Jumamosi, saa saba na nusu mchana

Mama, barua nilikuwa nimeshaifunga. Nimeifungua tena kwa sababu kuna yaliyotokea, nami nitayaandika kama yalivyokuwa.

Leo asubuhi nilipokuwa nafagia duka, Mjomba aliingia na karatasi za makubaliano ya kununua mashine. Alikuwa na furaha. Aliniambia niende nimwitie Baba Ivy waandikiane. Nilisimama na ufagio. Badala ya kwenda nilifungua daftari, nikaweka ile karatasi ya mistari mezani, na karatasi ya bluu juu yake.

Nikasema, "Mjomba, mimi sioni rangi vizuri. Sijawahi kuona. Siku ile nilisema uongo. Ngazi ya njano ina mapengo, tazama mwenyewe."

Niliyasema haraka, na nilipomaliza nikauegemeza ufagio ukutani.

 Mjomba alivaa miwani yake, akainama, akatazama kupitia karatasi ya peremende kwa muda mrefu. Aliyaona mapengo, kwa sababu aliyagusa kwa ncha ya kalamu moja moja. Kisha akaondoa karatasi ya bluu, akatazama ngazi zote nne, akageuka kutazama mlangoni kama kuna mtu anakuja. Hakukuwa na mtu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, akiwa amefunika kwa kiganja majina niliyoandika kwa penseli.

"Kati ya hizi mbili za katikati, pinki ni ipi?"

Nikatazama. Bila majina sikuweza kujua. "Sijui, Mjomba," nikasema.

"Mimi pia sijui," akasema.

Mama, wewe ulijua? Alikaa katika kile kiti changu kipya. Akanambia kwamba chupa zake za wino zote ameziandika majina kwa herufi kubwa si kwa sababu ya usafi, ni kwa sababu asipoandika atamwaga bluu kwenye pinki. Kwamba anavaa mashati meupe kila siku kwa sababu hayo hawezi kukosea. Kwamba mjomba wenu, kaka yake Bibi, alikuwa hivyo hivyo, na alipopaka mlango wa kanisa watu walicheka mpaka akahama kanisa. Nami nilikumbuka kitabu kilisema jambo hili hupita kwa akina mama bila wao kulijua, likatokea kwa wana.

"Kwa nini ulikuwa unaniuliza mimi?" nikamwuliza.

"Sasa ningemuuliza nani? Wateja?" akasema. "Nilisema angalau mtoto huyu ana macho." Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi. "Vipofu wawili wanakwenda kununua mashine ya rangi! Mkawasi akisikia hii, tumekwisha."

Aliponyamaza alitoka nje akamwita Mama Kalondu, mama anayeuza chai mbele ya duka. "Mama Kalondu, acha hiyo sufuria kidogo. Nahitaji macho yako."

"Macho yangu yana nini tena, Mwadime?"

"Yana rangi."

Tukaenda watatu kwa Baba Ivy, bila kupiga simu. Mashine ilikuwa imezimwa, tena ni baridi. Baba Ivy alipotuona alisema, "Leo mmekuja na profesa na mpishi?"

"Mimi najua chai iliyoungua kwa rangi tu," Mama Kalondu akajibu. "Hii yako itanishinda?"

Mjomba aliomba karatasi ya mistari kabla ya kusafisha. Baba Ivy alisema lazima isafishwe kwanza. Mjomba akakubali. Ilisafishwa mara tatu, na mistari ikatoka, Mama Kalondu akatazama kwa karatasi ya bluu akasema yote ipo. Baba Ivy akatabasamu. Ndipo niliposema, na safari hii walinisikia wote, "Sasa tunaomba ichape nusu saa, halafu mistari tena."

"Nusu saa? Wino ni wa babako?"

"Wino nitalipa mimi," Mjomba akasema. "Chapa."

Tulikaa tukaitazama ikichapa. Mama Kalondu alipopewa karatasi ya pili alianza kuweka kidole. "Hapa hakuna kitu. Hapa hakuna. Hapa pia. Haya, na hapa." Baba Ivy alisema ni joto, ni umeme wa Voi, ni karatasi. Mjomba alilipa wino, akamshukuru, akamwambia hataweza kuinunua. Baba Ivy akasema mkono ulishatolewa, na kwamba atawaambia watu wote Mwadime ni mtu wa namna gani. Mjomba akasema awaambie.

 Kesho Jumapili itabidi Mjomba asimame tena kanisani, na najua hilo linamuuma. Sijui mambo ya kiti na ya fundi wa rangi yatakwendaje, hakuyagusa, nami sikuuliza. Amesema atakupigia leo jioni kuhusu shamba. Nilimwomba asubiri mpaka barua hii ikufikie, usikie haya kutoka kwangu kwanza. Amekubali. Mambo yake mwenyewe ameniruhusu kukuandikia, ila kumwambia Anti ni kazi yake mwenyewe.

Tulipofika dukani aliniomba ile karatasi ya bluu. Niliikata katikati kwa mkasi. Nusu yake iko katika mfuko wa shati lake.

Kisha nikaenda sokoni kumpelekea Mama Sofia barua hii, na ndipo nilipo sasa, naandika juu ya kreti lake. Nimemwambia pia nataka ndizi za kumpelekea Mjomba, lakini sijui zipi zimeiva, anichagulie. Hakucheka. Amenichagulia nne.